Hivi Chelsea walijiuzia wenyewe hoteli? Na Darajani, yaani uwanja wao wa Stamford Bridge, hasa ni pa nani?

Kijana wa Chumbageni

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Nina jambo limeninyima raha tangu juzi. Tulikuwa kibanda umiza hapa Tanga, mapumziko ikaanza ligi ya maneno kama kawaida, shabiki mmoja wa mashetani wekundu, Manchester United, akasimama akasema Chelsea ni timu ya ujanja ujanja, wana hoteli mbili pale uwanjani wamejiuzia wenyewe, halafu timu ya wanawake nayo wamejiuzia wenyewe, yote hiyo wasikatwe pointi. Mimi ni wa Darajani tangu enzi za Drogba na Essien, nikabisha mpaka sauti ikanikauka. Nimefika nyumbani nikaingia mtandaoni nikakuta alichosema ni kweli kabisa. Imeniuma.

Sasa naomba kueleweshwa na wanaojua mahesabu. Mtu anajiuziaje mali yake halafu ahesabiwe faida? Kwa nini Everton na Nottingham Forest walikatwa pointi sisi tukapona? Na kuna mzee mmoja pale kibandani alisema uwanja wenyewe si wa Boehly, mmoja wa wamiliki wa sasa, wala haukuwa wa Abramovich aliyemtangulia, ni wa mashabiki, watu wote wakamcheka. Yule mzee alikuwa anasema kweli au alichanganya na timu nyingine?

Sitaki ushabiki hapa, nataka kuelewa, maana Jumamosi tunakutana tena.

Mhasibu wa Mwenge

Mkuu hili swali lako zuri sana na wengi wanabishana bila kujua kanuni inasemaje. Ngoja nijaribu, mimi kazi yangu ndo hii ya vitabu.

Kanuni ya ligi kuu ya Uingereza, hiyo wanayoiita PSR, haikuzuii kutumia. Inakuzuia kupata hasara kubwa. Kwa misimu 3 ukijumlisha hasara isizidi pauni milioni 105, na hata hiyo ni kama mwenye timu ameingiza hela yake mwenyewe kuifidia, asipoingiza basi mwisho ni milioni 15. Hela ya akademi, ya timu ya wanawake, ya kujenga uwanja, hizo haziingii kwenye hesabu. Kwa hiyo klabu kila mwaka inapigania kitu kimoja tu, vitabu vikifungwa tarehe 30 Juni namba ya mwisho isiwe mbaya sana.

Hapo ndo ujanja unapoingia. Ukimnunua Caicedo kwa milioni 115 huandiki milioni 115 mwaka huo huo, unaigawa kwa miaka ya mkataba wake. Wakampa miaka 8, gawanya, inakuja kama milioni 14 na ushee kwa mwaka. Angepewa miaka 5 ingekuwa milioni 23 kwa mwaka. Umeona tofauti? Ni sawa na wewe ununue bajaji leo, kwenye daftari uandike gharama yake kidogo kidogo kwa miaka yote utakayoiendesha, ila kadiri unavyoongeza miaka ndivyo kila mwaka unaonekana una nafuu, wakati hela imeshatoka. Ndo maana Enzo na Mudryk walipewa miaka 8 na nusu. UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, wakastuka 2023 wakasema mwisho wa kugawa ni miaka 5 hata mkataba ukiwa wa miaka 10, na Desemba mwaka huo ligi kuu nao wakapitisha hivyo hivyo.

Upande wa kuuza ni kinyume, hela yote inaingia siku hiyo hiyo. Na mchezaji uliyemlea mwenyewe kwenye vitabu ana gharama sifuri, kwa hiyo Mason Mount alivyoenda United kwa milioni 55 zote zile zilikuwa faida tupu. Sasa fikiria klabu inayoambiwa na kanuni kwamba kijana aliyekulia kwako tangu ana miaka 6 ndo mwenye thamani kubwa kumuuza kuliko yule uliyemleta juzi. Mimi hii kitu inanichoma kuliko hata habari za hoteli, kusema ukweli.

Tukija kwenye hoteli. Msimu wa 2022/23 Chelsea walitangaza hasara ya milioni 90.1. Ndani ya hesabu hiyo kuna milioni 76.5 za kuuza hoteli mbili za pale Stamford Bridge kwenda kampuni nyingine ya wamiliki wale wale. Toa hiyo hela, hasara inakuwa zaidi ya milioni 166. Msimu wa 2023/24 wakatangaza faida ya milioni 128.4, watu wakashangaa, kumbe ndani yake kuna karibu milioni 199 za kuuza timu ya wanawake na kampuni nyingine ndogo kwa kampuni mama. Toa hiyo, unabaki na hasara ya milioni 70.

Je walivunja sheria? Ligi kuu hapana. Kanuni ilikuwa haikatazi kuuza mali kwa ndugu wa kampuni, sharti ni bei iwe ya soko tu. Juni 2024 kuna pendekezo lilipelekwa kuziba hilo tundu, zilihitajika kura 14 kati ya 20, zikapatikana 11. Klabu nyingi zilijua kesho zinaweza kulihitaji. Na kweli 2025 Aston Villa na Everton nao wakauza timu zao za wanawake kwa wamiliki wao.

UEFA ndo hawakukubali. Wao hiyo hela ya kujiuzia hawaihesabu kabisa, wakapiga mahesabu yao, Julai 2025 Chelsea wakapigwa faini ya euro milioni 31 na nyingine 60 zinaning'inia kama wakirudia. Kwa hiyo mwambie yule wa United ana haki nusu, kwenye kanuni ya nyumbani mlipita, ya Ulaya mkakamatwa.

Everton na Forest shida yao ni kwamba hawakuuza kitu kwa wakati. Forest inauma zaidi. Kwa kuwa walikuwa wametoka daraja la chini kikomo chao kilikuwa milioni 61, wakavuka kwa milioni 34.5. Walikuwa na Brennan Johnson, wangemuuza Juni wangepona, wakasubiri bei ipande wakamuuza Spurs siku ya mwisho ya dirisha tarehe 1 Septemba kwa milioni zaidi ya 47. Kibiashara walifanya vizuri kabisa. Vitabu vilikuwa vimefungwa miezi miwili nyuma. Pointi 4 zikaenda.

Gunner wa Kisauni

Mhasibu umeeleza vizuri sana ndugu yangu, nataka niongeze kidogo upande wa uwanja maana watu husahau.

Sisi washika bunduki wa Arsenal tulipitia hii shida kabla ya hizi kanuni kuwepo. Emirates ilifunguliwa 2006, gharama yake pauni milioni 390, na ile deni tuliilipa kwa kuuza watu. Fabregas, Nasri, Van Persie, kila msimu wa joto tulikuwa tunakaa hapa Kisauni tukijua nani anafuata kuondoka. Nilikuwa shule wakati ule, nilichekwa miaka mingi. Lakini leo watu 60,000 wanaingia pale kila mechi nyumbani, na ile hela ya tiketi na vyakula inaingia kwa klabu, na kanuni ikisema tumia kulingana na mapato yako, sisi mapato tunayo.

Chelsea wamekwama na uwanja wa watu 40,000. Abramovich alitaka kujenga mpya pale pale wa watu 60,000, manispaa ya Hammersmith na Fulham wakampa kibali 2017, halafu 2018 akapata matatizo ya viza akasimamisha kila kitu. Ndio maana hawa wapya wanahangaika na ardhi, 2023 wakanunua eneo la jirani zilipo nyumba za wanajeshi wastaafu kwa karibu milioni 80. Mwenye uwanja mdogo kwenye dunia ya PSR lazima atafute hela mahali pengine, akauze hoteli, akauze vijana. Sisemi ni vizuri, nasema chanzo chake ni hicho.

Na hizi kanuni zinabadilika tena, Novemba 2025 klabu zimepiga kura kuanzia 2026/27 wahesabu gharama ya kikosi isizidi asilimia 85 ya mapato. UEFA wao asilimia 70. Ukiangalia vizuri mwenye uwanja mkubwa ndiye atafaidi zaidi.

Kijana wa Chumbageni

Daah wakuu nashukuru sana, hii ya Caicedo nimeielewa mara ya kwanza maishani. Mhasibu huo mfano wa bajaji nitautumia Jumamosi.

Bado lile la uwanja ni wa nani. Yule mzee alitoka pale kinyonge, nisingependa kama alikuwa anasema kweli.

Mama Nasra wa London

Mwanangu wa Tanga, marhaba. Huyo mzee mkamwombe radhi, kasema kweli tupu.

Mie naishi huku magharibi ya London tangu miaka ya tisini, marehemu mume wangu alikuwa dereva wa basi na alikuwa mgonjwa wa Chelsea. Nitakwambia niliyoyaona na aliyonisimulia yeye.

Pale pana historia isiyo ya kawaida. Timu nyingi zilianza kwanza zikatafuta uwanja. Chelsea ni kinyume. Bwana mmoja Gus Mears alinunua uwanja 1904, akawataka Fulham waje wacheze, wakakataa, basi 1905 ikaundwa timu mpya ili uwanja upate wa kuuchezea. Yaani uwanja ndio mama, timu ndiyo mtoto. Halafu miaka ya sabini wakajenga jukwaa kubwa la mashariki, deni likawalemea, katika kuhangaika na deni ardhi ikaja kutenganishwa na timu. Ken Bates aliponunua timu 1982 kwa pauni 1 alipata timu na madeni yake, ardhi hakupata. Ardhi ikaangukia kwa kampuni ya wajenzi, Marler, wakataka kubomoa wajenge majumba. Fikiria timu iko uwanjani inacheza, na mwenye kiwanja anachora ramani za nyumba. Walipigana mahakamani na magazetini miaka kumi. Kilichowaokoa ni kwamba bei za nyumba zilianguka London nzima, wale wenye ardhi wakafilisika 1992, Bates akaenda kuzungumza na benki.

Baada ya hapo yule bwana akafanya jambo moja, na kwa hilo hata wasiompenda wanamshukuru. Akasema hii ardhi isikae mikononi mwa mtu mmoja tena, hata mie mwenyewe. 1993 ikaundwa kampuni ya mashabiki, Chelsea Pitch Owners, hisa moja pauni 100, na mtu hata awe na hisa elfu kura zake hazizidi 100. 1997 kampuni hiyo ikachukua hati ya uwanja. Klabu imepangishwa miaka 199 kwa kodi ya jina tu. Na zaidi ya ardhi, jina lenyewe Chelsea Football Club wanalo wao. Timu ya kwanza ikihama Stamford Bridge bila ya ridhaa yao, jina haliendi nalo.

Mume wangu alinunua hisa moja. Pauni 100 kwa dereva wa basi wakati ule, na mtoto mchanga ndani, nilimgombeza wiki nzima, nikamwambia hiyo ni hela ya koti la Nasra. Akaniambia kwa upole, mama, sisi kwetu kiwanja cha ukoo hakiuzwi mpaka wakae wote, na hawa wazungu wamegundua hivyo hivyo. Ile karatasi aliitia fremu akaitundika ukumbini karibu na mlango tunapotundika makoti. Ipo mpaka leo, imeshaanza kugeuka rangi pembeni.

Oktoba 2011 ikaja barua. Klabu, ndio Abramovich huyo, inataka kununua tena ardhi ya uwanja, wenye hisa warudishiwe pauni 100 zile zile kwa kila hisa, ili iwe huru kuhama ikipata pahala. Ahadi ikawekwa kwamba wakihama kabla ya 2020 hawatakwenda mbali zaidi ya maili 3, na watakaouza majina yao yataandikwa kwenye uwanja mpya. Mume wangu akampenda sana Abramovich, kila kombe alililia machozi. Lakini ile barua aliisoma usiku mezani mara tatu, akavua miwani, akapiga kura ya hapana. Ilihitajika asilimia 75, ikapatikana 61.6. Uwanja ukabaki.

Watu wengi waliwatukana wale wenye hisa, wakawaita wazee wanaozuia maendeleo. Halafu ikaja tarehe 10 Machi 2022. Serikali ikamwekea vikwazo Abramovich na klabu ikawekwa chini ya leseni maalumu, duka likafungwa, tiketi mpya haziuzwi, mikataba haisainiwi, safari ya mechi ya ugenini isizidi pauni 20,000. Nilipita pale jioni na basi namba 14 nikaona milango ya duka imefungwa. Kila kitu cha yule bwana kimekamatwa siku moja. Chini ya nyasi tu ndio hapakuwa pake. Nilifika nyumbani nikasimama mbele ya ile karatasi na koti langu mwilini.

Mnyama 1936

Mama Nasra pole na hongera, Mungu amrehemu mzee.

Mimi naomba nitoe mawazo tofauti kidogo. Sioni kwa nini tajiri azuiwe kutumia hela yake. Bila Abramovich Chelsea wangekuwa wapi, bila Sheikh Mansour matajiri wa Etihad, Manchester City, wangekuwa wanapanda na kushuka. Hizi kanuni zinalinda wakubwa wa zamani wasifikiwe. Hata kwetu Simba tulipopitisha mabadiliko na Mo Dewji akaja na shilingi bilioni 20 zake kwa asilimia 49, wanachama tukabaki na 51, tulibishana sana ila timu ilifika robo fainali za Afrika mara ngapi. Acha mwenye hela aweke hela.

Mhasibu wa Mwenge

Mnyama nakuelewa, na kwenye kulinda wakubwa wa zamani una hoja, sikupingi hapo. Lakini tofautisha tajiri *kuweka* hela na tajiri *kukopesha*. Abramovich hela yake kwenye Chelsea ilikuwa mkopo, ilifika kama pauni bilioni 1.5. Alivyouza Mei 2022 kwa bilioni 2.5 aliusamehe, na ile hela ya mauzo ikaingia kwenye akaunti iliyozuiwa ikiwa imekusudiwa wahanga wa vita ya Ukraine. Kama asingeusamehe? Klabu ingelipa na nini?

Na kuhusu kuuza uwanja, hapo nataka mtu aangalie Derby na Sheffield Wednesday. Hawa hawakuuza hoteli, waliuza uwanja wenyewe kwa mmiliki wao. Derby 2018 waliuza Pride Park kwa kampuni ya Mel Morris kwa milioni 81, vitabu vikapendeza mwaka huo. Septemba 2021 klabu ikawekwa chini ya usimamizi wa wafilisi, pointi 12, zikaongezwa 9 kwa makosa ya mahesabu, jumla 21, wakashuka daraja. Sasa mnunuzi akija anakuta timu huku, uwanja kule, anatakiwa kununua vitu viwili kwa watu wawili. David Clowes, mtu wa hapo hapo Derby, alianza kununua uwanja ndo akanunua timu.

Sheffield Wednesday nao Hillsborough ilienda kwa kampuni ya mwenye timu, Chansiri, kwa kama milioni 60. Walikatwa pointi 12 zikapunguzwa kuwa 6, wakashuka 2021. Oktoba 2025 klabu na ile kampuni yenye uwanja vyote viwili vikaingia kwa wafilisi siku moja, pointi 12 nyingine. Mashabiki wale hawajawahi kuuza kitu chochote. Kosa lao ni kununua tiketi.

Ndo maana mimi kwenye hoteli za Chelsea sikasiriki sana. Hoteli ni hoteli. Ila siku wangekuwa na uwezo wa kuuza nyasi zenyewe ili kuziba hasara ya msimu mmoja, nina hakika wangejaribiwa. Hawana huo uwezo kwa sababu ya watu kama mume wa Mama Nasra.

Kijana wa Chumbageni

Nimesoma yote mara mbili. Mama Nasra shikamoo tena, nimemtumia mzee wa kibandani maneno yako kwenye simu ya mjukuu wake.

Swali la mwisho jamani. Hawa wapya wakitaka kuhamia eneo la jirani la Earl's Court au kwingine, itabidi warudi kwa hao hao wenye hisa?

Mama Nasra wa London

Itawabidi, mwanangu. Kama wanataka kwenda huko na jina la Chelsea, lazima wabishe hodi kwa wenye hisa na wapate zile asilimia 75. Barua ikija itakuja kwa jina la marehemu, bado sijalibadilisha kwenye daftari lao. Nasra kaniambia wiki ijayo atachukua ruhusa kazini anipeleke tukaiandike kwa jina lake.